Penye Mahindi Mengi, Watoto Waliodumaa: Siri Iliyomo Ndani ya Punje

Penye miti hapana wajenzi, walinena wazee. Methali hii yatujia kila tuitazamapo ramani ya Nyanda za Juu Kusini. Iringa na Mbeya, pamoja na Ruvuma na Rukwa, ndiyo mikoa ambayo tangu miaka mingi imehesabiwa kuwa mikoa minne mikubwa ya mahindi katika nchi yetu. Magari yaliyojaa magunia huteremka mlima Kitonga usiku na mchana kwenda kulisha miji. Hapana mgeni apitaye njia kuu kutoka Mafinga hadi Mbeya, wakati mashamba yamestawi, atakayedhani kwamba hapa pana njaa ya aina yo yote.

Lakini uchunguzi wa afya uliofanywa nchini mwaka 2022 ulionyesha kwamba katika kila watoto 100 wa Mkoa wa Iringa walio chini ya umri wa miaka mitano, karibu 57 walikuwa wamedumaa, yaani ni wafupi kupita kiasi kwa umri wao. Katika Njombe, iliyokuwa sehemu ya Iringa hadi mwaka 2012, walikuwa 50 hivi. Katika Mbeya walikaribia theluthi moja. Hesabu ya nchi nzima ilikuwa 30 kwa 100. Maana yake ni kwamba mkoa unaowalisha wengine umeshindwa na mikoa mingi isiyo na rutuba kama yake katika kazi iliyo ya kwanza kwa kila mzazi, kazi ya kumkuza mtoto.

Jambo hili lataka kufikiriwa kwa utulivu. Kudumaa si ufupi wa mwili tu. Mtoto aliyedumaa huugua upesi, huchelewa kushika masomo, na akiwa mtu mzima nguvu zake za kazi huwa zimepungua. Mfanyakazi wa mashamba ya chai ya Mufindi na ya Rungwe, fundi wa karakana, mkulima wa Mbozi na wa Kilolo, wote walianza kujengwa wangali tumboni na katika miaka miwili ya kwanza. Nyumba iliyokosewa msingi haitengenezwi kwa kupakwa rangi ukutani.

SI URITHI WA UKOO

Wako wasemao kwamba watu wa milimani ni wafupi kwa asili yao, na kwamba mtoto amerithi tu kimo cha babu yake. Maneno haya ni mepesi kuyasema, na yanamwondolea kila mtu lawama. Lakini si kweli kwa watoto wadogo. Kati ya mwaka 1997 na 2003 Shirika la Afya Duniani liliwapima watoto wa nchi sita zilizo mbali mbali kabisa, nazo ni Brazili, Ghana, India, Norwe, Omani na Marekani. Walichaguliwa watoto walionyonyeshwa vema, wakala vema na kutunzwa vema. Ilionekana kwamba hadi kufikia umri wa miaka mitano walirefuka karibu sawasawa, ijapokuwa rangi zao, lugha zao na koo zao hazifanani. Kutokana na kazi hiyo vilitolewa mwaka 2006 vipimo vinavyotumika leo katika kliniki zetu.

Basi mtoto wa Kihehe, wa Kibena, wa Kinyakyusa au wa Kisafwa amezaliwa na maagizo kamili ya kurefuka, sawa na mtoto wa Oslo au wa Maskati. Kilichokosekana ni vifaa vya kuyatimiza maagizo hayo. Na ili tuelewe ni vifaa gani, hatuna budi kuingia ndani ya mwili, mahali pasipoonekana kwa macho.

DAFTARI NA KARAKANA

Mwili wa kila kiumbe, awe mtu au mmea, umejengwa kwa chembe hai ndogo sana ziitwazo seli. Yafaa tuifananishe seli na kiwanda. Katikati mna chumba kilichozungushiwa ukuta, ndicho kiini cha seli. Humo limewekwa daftari kuu lisilotoka kamwe ofisini. Daftari hilo ndilo wataalamu waitalo DNA, uzi mrefu mno uliosokotwa kama kamba yenye nyuzi mbili, ambao umbo lake lilijulikana mwaka 1953 kwa kazi ya James Watson na Francis Crick, wakisaidiwa na picha na vipimo vya Rosalind Franklin na Maurice Wilkins. Maandishi yake yana herufi nne tu. Kila fungu la maandishi lenye agizo lake huitwa jeni.

Agizo lenyewe ni la nini? Kwa sehemu kubwa ni la kutengeneza protini. Protini ndizo nyama na ngozi, ndizo damu na nywele. Lakini zaidi ya hayo ndizo zana na mafundi wa kazi zote za mwili. Protini hutungwa kama ushanga. Shanga zake huitwa asidi amino, nazo ni za aina 20. Herufi tatu za daftari huita ushanga mmoja. Mwaka 1961, mwaka uleule Tanganyika ilipojipatia uhuru, Marshall Nirenberg na Heinrich Matthaei walilisoma neno la kwanza la lugha hiyo, na kufikia mwaka 1966 maneno yote 64 yalikuwa yamefasiriwa. Cha kustaajabisha ni kwamba lugha hiyo ni moja kwa mhindi, kwa ng'ombe na kwa binadamu.

Kwa kuwa daftari halitoki ofisini, karani huandika nakala ya agizo moja, nayo huitwa RNA. Nakala hiyo hutoka nje ya chumba ikapelekwa penye karakana ndogo zilizo nyingi sana, ziitwazo ribosomu. Hapo husomwa herufi tatu tatu, na wachukuzi huleta ushanga unaoitwa, mmoja baada ya mwingine, hata mkufu ukatimia. Nakala ikiita ushanga uitwao lisini, nao haumo ghalani, kazi husimama. Haiwezekani kuweka ushanga mwingine mahali pake, kama vile fundi asivyoweza kufunga mlango kwa msumari mahali pa bawaba. Mwili wa binadamu waweza kujitengenezea baadhi ya shanga hizi, lakini tisa kati yake hauwezi kuzitengeneza. Hizo lazima zije na chakula. Miongoni mwa hizo tisa ni lisini na triptofani, na ndizo tunazotaka wasomaji wetu wazikumbuke.

NANI HUAMUA KURASA ZA KUSOMA?

Hapa pana swali lililowashughulisha wataalamu miaka mingi. Ikiwa kila seli ya mmea wa mhindi ina daftari lile lile, na kwa hakika inalo, mbona jani ni jani na mzizi ni mzizi? Mhindi una jeni zaidi ya elfu thelathini. Seli ya jani inazo zote, na seli ya punje inazo zote. Mbona jani halitoi unga?

Jibu ni kwamba seli haisomi daftari lote. Husoma kurasa zinazohusu kazi yake, na kurasa nyingine hufungwa. Mwaka 1961 Wafaransa wawili, François Jacob na Jacques Monod, walionyesha katika vijidudu vya bakteria kwamba ziko jeni ambazo kazi yake ni kuzitawala jeni nyingine. Katika kila kiwanda wako mafundi, na yuko mnyapara awaambiaye lini waanze na lini wakome. Mnyapara huyu naye ni protini, aliyetungwa kwa agizo la jeni yake. Huenda akajishikiza kwenye daftari mbele ya ukurasa fulani, na hapo karani huanza kunakili. Hivyo ndivyo seli moja iliyotungwa tumboni mwa mama igawanyikavyo mara nyingi, na kila kundi la seli likashika njia yake: hizi zikawa mfupa, hizi ubongo, hizi utumbo. Siri ya kukua ni siri ya wanyapara.

MNYAPARA WA MAHINDI

Sasa turudi Nyanda za Juu. Ichukue punje ya mhindi uitazame. Sehemu iliyo kubwa ni ghala ya unga. Chini, karibu na mahali iliposhikana na gunzi, pana kisehemu laini chenye mafuta. Hicho ni kiinitete, ndicho mmea mtoto. Ghala imewekwa ili imlishe mtoto huyo siku za kuota. Mbali na wanga, ghala huwekewa protini ambayo wataalamu waiita zeini. Zeini ni nusu na zaidi ya protini yote ya ghala hiyo, lakini karibu haina lisini kabisa, na triptofani yake ni haba mno. Kwa mmea mtoto hilo halina madhara, kwa maana mmea waweza kujitengenezea shanga zote 20. Mhindi haukuweka akiba yake kwa ajili ya watoto wetu, bali kwa ajili ya mtoto wake.

Mnyapara anayeamuru zeini nyingi itengenezwe ana jeni yake katika kromosomu ya saba miongoni mwa kumi za mhindi. Jeni hiyo huitwa opeki-2, jina lenye maana ya kitu kisichopenya nuru. Mnyapara huyu hafanyi kazi jani wala mzizi. Huamka katika ghala ya punje tu, punje inapojaa. Jina lake lilitokana na mmea wenye kasoro, ulioonekana katika mashamba ya Connecticut, Marekani, katika miaka ya 1920. Punje zake zilikuwa nyeupe kama chokaa, na zikishikwa mbele ya taa hazikupitisha nuru. Kwa miaka arobaini hivi zilihifadhiwa kama kitu cha ajabu tu.

Ndipo mwaka 1963, katika Chuo Kikuu cha Purdue, Edwin Mertz, Lynn Bates na Oliver Nelson wakazipima protini za punje hizo. Waliona kwamba lisini yake ilikuwa karibu mara mbili ya ile ya mahindi ya kawaida, na mwaka 1964 wakaitangazia dunia. Sababu ni nyepesi kwa aliyetufuata mpaka hapa. Katika mmea ule jeni ya opeki-2 ilikuwa imeharibika. Mnyapara hakuwapo, basi mafundi wa zeini wakalegea, na nafasi yao ikashikwa na mafundi wa protini nyingine zilizo na lisini. Jumla ya protini haikuongezeka sana, lakini ubora wake uligeuka. Jeni yenyewe ilinaswa mwaka 1987, kwa msaada wa zile jeni zirukazo kutoka mahali hadi mahali ambazo Barbara McClintock alizigundua katika mahindi, akapewa Tuzo ya Nobel mwaka 1983.

Na hapa pana onyo kwa mkulima. Mbolea ya chumvichumvi huongeza mavuno, tena huongeza protini ya punje. Lakini nyongeza hiyo kwa sehemu kubwa ni zeini. Mnyapara akipewa mali nyingi zaidi huendelea kujenga kile alichozoea kukijenga.

PUNJE LAINI NA PUNJE NGUMU

Furaha ya mwaka 1964 haikudumu. Punje zisizo na mnyapara zilikuwa laini na nyepesi. Gunia halikujaa uzito, zilichelewa kukauka, fukusi walizipenda, na ukungu ulizishambulia zingali shambani. Mkulima hawezi kulaumiwa akiikataa mbegu ya namna hiyo, kwa maana hatumlishi mtoto kwa hesabu ya maabara.

Walakini katika Meksiko, kwenye kituo cha kimataifa cha mahindi na ngano kiitwacho CIMMYT, watu wawili hawakukata tamaa. Surinder Vasal, mzalishaji wa mbegu kutoka India, na Evangelina Villegas, mkemia wa Kimeksiko, walianza katika miaka ya 1970 kutafuta punje chache ambazo, ingawa hazina mnyapara, zilikuwa ngumu kidogo. Mmoja alipanda na kuchavusha, mwingine alipima maelfu kwa maelfu ya punje. Baada ya miaka mingi ya kuchagua walipata mahindi yenye lisini nyingi na punje ngumu iliyo sawa na ya kawaida. Jeni nyingine zilizo saidizi zilikuwa zimeongeza zeini ya aina nyingine, ambayo huifunga punje kama saruji. Mwaka 2000 walipewa pamoja Tuzo ya Chakula Duniani, na Villegas akawa mwanamke wa kwanza kuipata.

Mahindi hayo yalifika Afrika. Ghana ilitoa mbegu iitwayo Obatanpa mwaka 1992. Hapa Tanzania zilitolewa mwaka 2001 mbegu zilizopewa jina linalozitosha, Lishe: Lishe K1, Lishe H1 na Lishe H2. Twapenda kusisitiza kwamba ubora huu haukutokana na kuingizwa jeni ya kiumbe kingine ndani ya mhindi. Ni kasoro ya asili iliyoonekana shambani, ikachukuliwa kwa kuvusha chavua kutoka mmea hadi mmea, kazi ile ile ya uzalishaji iliyoleta mbegu chotara za UH615 na UH6303 kutoka Uyole.

CHAVUA YA JIRANI

Lakini mbegu ya Lishe ina masharti yake, nayo yatokana na sheria za urithi. Ghala ya kila punje hupata daftari tatu: mbili kutoka kwa mmea mama na moja iliyoletwa na chavua. Ili zeini ipungue lazima wanyapara wote watatu wawe hawapo. Chavua ya jirani, inayoletwa na upepo kutoka kwenye mbelewele za mahindi ya kawaida, huleta mnyapara mmoja mzima. Na huyo mmoja atosha kuirudisha zeini katika punje ile. Basi anayepanda kipande kidogo katikati ya mashamba ya wengine hupoteza sehemu ya ubora msimu ule ule. Anayepanda eneo kubwa, au wanakijiji wanaopatana kupanda mbegu moja upande mmoja wa bonde, hupoteza kidogo tu, kwa kuwa chavua nyingi hutoka ndani ya shamba lenyewe. Na anayetaka kuweka mbegu, ikiwa si ya chotara, na achukue mahindi ya katikati ya shamba, si ya pembeni.

Msomaji ataona kwamba jambo hili si la mtu mmoja. Jeni hii haijui mpaka wa shamba. Mafanikio yake yanadai ushirikiano wa majirani, na hapana mtaalamu wa maabara awezaye kuuleta ushirikiano huo isipokuwa wananchi wenyewe.

Kuna shida nyingine. Mnunuzi wa mahindi hununua kwa kilo na kwa weupe. Macho hayawezi kuitofautisha punje ngumu ya Lishe na nyingine, wala bei haiwezi kuitofautisha. Kwa hiyo faida ya mbegu hii hupatikana nyumbani kwa anayeila, si sokoni kwa anayeiuza. Mkulima akiulizwa mbegu hiyo itamletea shilingi ngapi, na ajibiwe kwa kweli kwamba itamletea mtoto. Mwaka 2010 yalikusanywa matokeo ya majaribio yaliyofanywa katika nchi mbalimbali, nayo yalionyesha kwamba miongoni mwa watoto wenye utapiamlo usio mkali, mahali ambapo mahindi ndiyo chakula kikuu, waliokula mahindi ya namna hii waliongezeka uzito kwa kasi iliyozidi ya wenzao kwa asilimia 12, na urefu kwa asilimia 9. Si muujiza, lakini si kitu kidogo.

KINACHOTOKEA NDANI YA MTOTO

Twendeni sasa ndani ya mfupa wa mtoto. Kwenye ncha za mifupa mirefu mna seli zinazogawanyika na kupangana kama matofali, na hapo ndipo urefu hutoka. Seli hizo zina kipimo ndani yake cha kujua kama shanga za protini zipo za kutosha. Zikipungua, wanyapara wa ukuaji hupewa amri ya kutulia. Mwili hufanya hivyo kwa busara, ili moyo na mapafu viendelee. Lakini busara hiyo ikidumu miezi na miaka, mtoto hubaki mfupi. Katika vijiji vya Malawi, nchi inayopakana nasi ng'ambo ya mto Songwe, walipimwa watoto 313; damu ya waliodumaa ilikuwa na upungufu wa asidi amino zote tisa ambazo mwili hauwezi kujitengenezea. Uchunguzi huo, uliotolewa mwaka 2016, hausemi kwamba upungufu huo ndio sababu pekee. Magonjwa ya kuhara, minyoo, sumu ya ukungu katika nafaka na mama kukosa nafasi ya kumlisha mtoto mara kwa mara kwa wingi wa kazi za shamba, yote yamo. Lakini hapana atakayeujenga mwili kwa shanga zisizokuwapo.

Mtoto anayelishwa uji mtupu wa sembe asubuhi, na ugali kwa mchuzi wa majani machache jioni, hushiba. Tumbo hujaa, analala. Na wakati amelala, karakana zake zimesimama zikingoja lisini.

YALIYO MIKONONI MWETU LEO

Hatuna haja ya kungoja mbegu ifike kila kijiji. Mengine tunayo tayari.

La kwanza ni maharage. Maharage yana lisini nyingi ambayo mahindi hayana, na mahindi yana asidi amino zenye salfa ambazo katika maharage ni haba. Vikiliwa pamoja kila kimoja huziba pengo la mwenziwe. Bibi zetu waliopika kande hawakusoma kemia, lakini chungu chao kilikuwa na hesabu iliyo sahihi. Nasi tunalima maharage mengi: kablanketi yanapendwa sokoni, na kituo cha utafiti cha Uyole kimetoa mbegu nyingi, ikiwamo ile ya Njano Uyole. Twauza maharage ili tununue sabuni na nguo. Na yauzwe, lakini si yote. Gunia la mtoto na litengwe kwanza.

La pili ni kukoboa. Kiinitete kile laini kina protini bora kuliko ghala ya unga, kwa kuwa mnyapara wa zeini hafanyi kazi humo. Mashine ya kukoboa hukitoa pamoja na pumba. Sembe inakuwa nyeupe, na pumba hupelekwa kwa nguruwe na kuku. Tumefanya mambo kinyume: sehemu iliyo bora ya punje twampa mnyama, iliyo dhaifu twampa mtoto, kisha tunamsifu nguruwe kwa kunenepa. Dona si chakula cha maskini. Ni punje nzima.

La tatu ni kimea. Akina mama wa mikoa hii wanajua kuotesha ulezi, kuuanika na kuusaga, ingawa mara nyingi kimea hicho huishia kwenye pombe. Punje inapolowana, kiinitete hutoa kichocheo kiitwacho jibarelini. Kichocheo hicho hufika kwenye seli zinazoizunguka ghala, na humo huwaamsha wanyapara wa jeni nyingine, nazo huagiza protini iitwayo amilasi, ambayo kazi yake ni kuuvunjavunja wanga. Kazi hii imechunguzwa zaidi katika shayiri, lakini nafaka nyingine nazo zina mpango huo. Ukitia kijiko cha unga wa kimea katika uji mzito wenye joto la kunyweka, uji hulegea pasipo kuongezwa maji. Mtoto mwenye tumbo dogo huweza kula unga mwingi zaidi kwa mara moja. Mama afanyaye hivyo amefungua ukurasa wa daftari la ulezi kwa beseni la maji na kitambaa.

La nne ni kumpima mtoto, na hapa Iringa ina historia ya kujivunia. Mwaka 1983 Serikali, pamoja na UNICEF na Shirika la Afya Duniani, ilianzisha katika vijiji 168 vya mkoa huo mpango wa lishe. Watoto walipimwa uzito kijijini kwao, hesabu zikasomwa mbele ya wanakijiji, na wanakijiji wenyewe wakaulizana sababu na dawa. Kimea kilifundishwa, mahali pa kuwalishia watoto pakatengwa. Katika muda wa miaka mitano utapiamlo ulio mkali ulipungua kutoka asilimia 6 hivi hadi chini ya 2. Mahindi yalikuwa yale yale, na ardhi ile ile. Kilichoongezeka ni ujuzi na mazungumzo.

Katika mji huo huo wa Iringa, mwaka 1972, Halmashauri Kuu ya TANU ilitamka kwamba Siasa ni Kilimo. Tamko lile lilimtaka kila kiongozi aijue kazi ya shamba. Miaka zaidi ya hamsini imepita, na mahindi yamepatikana. Yafaa sasa tuongeze swali ambalo hesabu za magunia haziwezi kulijibu: je, kilimo hicho kimemrefusha mtoto?

Twawaomba viongozi wa vijiji wasome hesabu za kliniki katika mikutano kama wanavyosoma hesabu za mbolea. Twawaomba wazalishaji wa mbegu walete katika nyanda hizi za baridi mahindi ya lishe yanayoweza kushindana kwa mavuno na mbegu zilizozoeleka, maana mkulima hatabadilisha mbegu njema kwa mbegu dhaifu kwa ajili ya hotuba. Twawaomba wafanyakazi, katika mikahawa ya viwandani na mashambani, wadai maharage na dona kama wanavyodai haki nyingine. Na twawaomba akina baba wakumbuke kwamba mama mwenye mimba anajenga seli za mtu mwingine kwa chakula anachobakiziwa chunguni.

Daftari la mtoto limekamilika tangu siku alipotungwa mimba. Hapana serikali iwezayo kuongeza humo neno, wala ukoo uwezao kujivunia kwamba wake umeandikwa vizuri kuliko wa wengine. Maagizo yapo, mafundi wapo, wanyapara wapo kazini. Wanachongoja ni vifaa, na vifaa hivyo vinaota katika ardhi ya Mbeya na Iringa kila mwaka.